Armin Hary, Roma 1960: kasi ya kweli au alikuwa anaiba mlio wa bastola?

#1 Mpigafilimbi
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, mnipige mawe kwa utaratibu.

Armin Hary, Mjerumani aliyebeba dhahabu ya mita 100 Roma 1960, hakuwa na kasi kuwazidi wenzake. Alikuwa mwizi wa mlio. Fainali ya tarehe 1 Septemba, saa za mkononi zilimpa yeye 10.2 na Mmarekani Dave Sime 10.2. Saa ya umeme ikasema 10.32 kwa 10.35. Mtu akikimbia mita 11 kwa sekunde, 0.03 ni kama sentimita 33, yaani kiatu kimoja na ncha ya njumu. Sime alitoka vibaya, akawa anameza watu mmoja mmoja mpaka akajirusha mstarini na kuanguka chini. Mbio zingekuwa za mita 102 leo tungekuwa na uzi wa mtu mwingine. Na kwenye fainali hiyohiyo Hary alikuwa ameshahesabiwa kosa la kuchomoka kabla ya mlio.

Semeni.

#2 Kona ya Pili
Siti ya mbele. Naleta na karanga.

#3 Mzee wa Njumu
Mleta uzi, mbio ni za mita 100, si 102. Sime alikuwa na mita zilezile na bastola ileile.

Halafu weka mambo sawa. Sheria ya wakati ule ilimpa kila mkimbiaji nafasi ya kukosea mara moja, kosa la pili ndipo unatoka. Kwa hiyo Hary alianza fainali halali akiwa na kosa moja mgongoni. Mtu aliye na kosa moja hachezi kamari tena. Kama aliwahi kutoka "kwa wizi", mwanzo ule uliohesabiwa ndio usingekuwa wenyewe, maana akikosea tena anatazama fainali akiwa amevaa tracksuti.

#4 Mpigafilimbi
Au ndiyo kamari yenyewe, mzee wangu. Kosa la kwanza linawafanya wengine wagande. Yeye anajua mwanzishaji, mwenye bastola, naye hataki kumfukuza mtu kwenye fainali ya Olimpiki.

#5 Saa ya Mkono
Tukianza na neno "kuiba" tutakesha. Kuna mambo mawili yanachanganywa kila siku:

Kuwahi mlio, yaani misuli imeshaanza kusukuma kabla sauti haijafika. Hiyo ni kosa.

Kubahatisha mlio, yaani unasoma mdundo wa mwanzishaji kati ya "tayari" na bastola, unasukuma pale unapotarajia. Ukipatia, umetoka pamoja na mlio na kwa macho ya refa wa 1960 wewe ni halali kabisa.

Leo bloku, vile vibao vya kusukumia miguu mwanzoni, zina vihisio na mpaka ni sekunde 0.100. Ukisukuma chini ya hapo umekosea hata kama jicho la binadamu halikuona kitu. Roma hapakuwa na kigezo hicho. Mwamuzi alikuwa jicho na sikio la mwanzishaji, basi. Kwa hiyo swali la "aliiba?" kwa sheria ya 1960 lina jibu moja: hakurudishwa, hakuiba. Kwa sheria ya leo hatuna kipimo cha kumhukumu.

#6 Bata Mzinga
Huyu si yule wa Ujerumani Mashariki? Wale tunawajua, madawa tu.

#7 Mzee wa Njumu
#6 tuliza boli. Hary kazaliwa Quierschied, Saarland, tarehe 22 Machi 1937. Hiyo ni magharibi kabisa, mpakani na Ufaransa. Saarland yenyewe baada ya vita ilikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa, ikapeleka timu yake peke yake Olimpiki ya Helsinki 1952, na ikaungana na Ujerumani Magharibi tarehe 1 Januari 1957. Roma alikimbia kwenye timu ya pamoja ya Mashariki na Magharibi, bendera yao ikiwa na pete tano nyeupe za Olimpiki katikati. Kwa hiyo na wewe mleta uzi, ukisema "Mjerumani" uko salama, ukisema "Ujerumani Magharibi" kwa Roma ungepigwa kadi.

#8 Bata Mzinga
Nimeelewa, shikamoo mzee. Nimerudi benchi.

#9 Njia ya Nne
Mbona mnamhukumu kwa fainali moja? Twendeni Zürich, tarehe 21 Juni 1960, uwanja wa Letzigrund. Huko ndiko alikuwa mtu wa kwanza kuandikiwa 10.0 kwenye mita 100, na huko ndiko kesi nzima ilipo.

Alikimbia mara ya kwanza, saa zikasema 10.0. Mwanzishaji akasema hapana, kulikuwa na kuchomoka mapema na nilipaswa kuwarudisha. Rekodi ikafutwa. Hary akadai mbio zirudiwe. Baada ya kama dakika 35 wakapanga tena, safari hii wakimbiaji watatu tu. Akakimbia 10.0 tena, na hiyo ndiyo iliyopitishwa kuwa rekodi ya dunia.

Sasa mwizi gani anaibia duka, anarudishwa na polisi, halafu dakika 35 baadaye analinunua duka lote kwa pesa taslimu?

#10 Kona ya Pili
Hahaha #9 umeua.

#11 Mpigafilimbi
Umejichimbia mwenyewe. Mbio ya kwanza mwanzishaji kakiri kwamba alitoka mapema. Kwa hiyo tabia ipo. Ya pili ilikuwa na watu watatu, presha hakuna, mwanzishaji anajua dunia inataka rekodi.

#12 Saa ya Mkono
Mbio ya pili Zürich saa ya umeme ilisoma 10.25. Shikeni namba hiyo pamoja na 10.32 ya Roma, maana wengi hawajui saa ya mkononi ilivyokuwa inafanya kazi.

Kwa mshindi wanakaa watunza muda watatu. Wanabonyeza wakiona moshi wa bastola, si wakisikia mlio, kwa sababu sauti inachukua karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100. Saa zinasoma sehemu ya kumi ya sekunde. Mshale ukisimama kati ya alama mbili, unaandika ile ya polepole. Saa mbili zikikubaliana, huo ndio muda. Zote tatu zikitofautiana, unachukua ya katikati.

Tatizo lipo mwanzo na mwisho. Mwanzoni kidole kinachelewa kwa sababu jicho linasubiri moshi. Mwishoni kidole hakichelewi, kwa sababu mtu anamwona mkimbiaji anakuja na anajiandaa. Ndiyo maana saa ya mkononi huwa fupi, na leo tukibadilisha muda wa mkononi wa mita 100 tunaongeza 0.24.

Zürich: 10.25 toa 10.0 ni 0.25. Kawaida kabisa, saa zilikuwa safi. Roma: 10.32 toa 10.2 ni 0.12 tu. Yaani Roma watunza muda walimbana. Tofauti halisi kati ya Zürich na Roma ni 0.07, si 0.2 kama vitabu vya rekodi vinavyomfanya mtu adhani.

#13 Njia ya Nne
Asante #12, hii nilikuwa naitafuta. Kwa hiyo Harry Jerome wa Kanada, aliyefikia 10.0 ileile Saskatoon tarehe 15 Julai mwaka huohuo, hatujui saa ya umeme ingempa nini?

#14 Saa ya Mkono
Kwenye karatasi wapo sawa, 10.0 kwa 10.0, na hivyo ndivyo rekodi ilivyosimama. Jerome bahati mbaya alichanika msuli kwenye nusu fainali Roma, hatukuwaona wakipambana fainali.

#15 Kipimo cha Maji
Mmesahau 10.0 ya tatu, ambayo kwa hakika ni ya kwanza. Friedrichshafen, tarehe 6 Septemba 1958. Hary alikimbia 10.0 miaka miwili kabla ya Zürich. Wakaenda kupima njia, wakakuta mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho umezidi kidogo. Kanuni inaruhusu mita 1 kwa 1000, yaani sentimita 10 kwenye mita 100. Njia ile ilikuwa inakaribia sentimita 11. Rekodi ikakataliwa.

Nimefanya hesabu. Sentimita 1 ya ziada kwenye mita 100 inakupa mchapuko wa karibu mita 0.001 kwa sekunde kwa sekunde. Ukiupa sekunde 10 bila kuhesabu upepo wala chochote, umefaidi kama sentimita 5 mwishoni. Kwa kasi ile ni sekunde 0.004 hadi 0.005. Saa zilikuwa zinasoma 0.1! Yaani walimnyang'anya rekodi kwa kitu ambacho saa zao zisingekiona hata mara ishirini.

#16 Kona ya Pili
Sentimita moja. Wenye nyumba zenye sakafu iliyopinda mpo humu?

#17 Mzee wa Njumu
Kanuni ni kanuni #15. Mpaka lazima uwe mahali fulani. Ukisema 11 ipite, kesho ataleta mwingine ya 12 na hesabu yake ya simu.

#18 Kipimo cha Maji
Sikatai kanuni. Nasema tusitumie Friedrichshafen kusema mtu hakuwa na kasi.

#19 Kocha wa Vumbi
Nimekaa kimya nasoma. Mnazungumza bastola, hakuna anayezungumza mita 20 za kwanza. Tatizo la wanaofundisha mwanzo kwa vijana ni lilelile: wote wanahangaika na sikio.

Mkimbiaji wa kiwango cha juu anajibu mlio kati ya 0.12 na 0.16. Kati ya mzuri na wa kawaida kuna 0.03 au 0.04. Hiyo ndiyo yote unayoweza kuvuna kwa sikio. Lakini kufika mita 20 mtu anaweza kumwacha mwenzake kwa 0.10 kwa namna anavyosukuma tu. Na kitu kinachoonekana kwa Hary kwenye filamu si kwamba ametoka kabla, ni kwamba hatua zake za kwanza ni fupi, chini, na za haraka, wakati Sime anasimama mapema.

Mpangilio wa bloku ninaoanza nao: ya mbele nyayo mbili kutoka mstarini, ya nyuma nyayo tatu. Kwenye "tayari" goti la mbele linakunja kama nyuzi 90, la nyuma kama 120 hadi 130, makalio juu kidogo ya mabega, mabega mbele kidogo ya mikono. Kinachoharibika mara nyingi: kijana anaweka bloku karibu mno na mstari, anakuwa kama chura, miguu inasukuma juu badala ya mbele, hatua ya tatu ameshasimama wima. Au anaegemea mno mikono, vidole vinatetemeka, mwanzishaji anamwona anatikisika na anawasimamisha wote.

Nani alishatazama mguu wa nyuma wa Hary unavyotoka? Haupandi. Unapita chini karibu unagusa udongo. Ule udongo wa mkaa wa zamani, si mpira wa leo.

#20 Mpigafilimbi
Hiyo ya hatua fupi nakubali. Lakini kocha, kabla ya hatua fupi kuna kuinuka kwenye "tayari". Lawama ya siku zile ilikuwa kwamba Hary anacheza na mwanzishaji hapo hapo: anainuka kwa mwendo wake, wengine wameshaganda, bastola inapolia wao wana uzito uliokufa, yeye bado yuko hai.

#21 Kocha wa Vumbi
Hapo sasa umegusa kitu. Misuli iliyogandishwa kwenye "tayari" kwa sekunde mbili inatoa nguvu kidogo kuliko iliyotoka kupanda sekunde moja iliyopita. Ndiyo maana leo mwanzishaji akiona mmoja anachelewa kutulia anasema "simama" na wote wanaanza upya. Lakini huo ni udhaifu wa mwanzishaji. Mkimbiaji anayeutumia ni kama kipa anayejua mpigaji wa penalti anapenda kona gani.

#22 Saa ya Mkono
Na kama mnataka kuona 0.100 inavyoumiza, angalieni mashindano ya dunia ya Paris 2003. Asafa Powell alisomwa 0.086, Jon Drummond 0.052, Drummond akalala chini kwenye njia akikataa kutoka. Halafu mashindano ya dunia ya Eugene 2022, fainali ya mita 110 kuruka viunzi, Devon Allen akafukuzwa kwa 0.099. Sehemu moja ya elfu ya sekunde! Kwa hiyo hata leo, tukiwa na mashine, bado watu wanabishana kama binadamu anaweza kujibu chini ya 0.100. Sembuse 1960.

#23 Bata Mzinga
Kwa hiyo Hary angekimbia leo angefukuzwa au angebaki?

#24 Saa ya Mkono
Leo ukikosea mara moja tu unatoka. Ile aliyohesabiwa Roma ingemtosha. Lakini pia asingeijaribu, maana watu hucheza kulingana na sheria iliyopo. Usimpeleke mtu wa 1960 kwenye sheria ya 2010 bila kumpa na mazoezi ya 2010.

#25 Kijiti Mkononi
Nyie wote mnazungumza dhahabu moja. Ana mbili. Ya pili ni ya kupokezana kijiti, 4x100, tarehe 8 Septemba, na huko hakuna wa kumwambia kaiba mlio kwa sababu alikimbia mguu wa pili, yaani zamu ya pili kati ya nne.

Ujerumani: Bernd Cullmann, Armin Hary, Walter Mahlendorf, Martin Lauer. 39.5, sawa na rekodi ya dunia, na waliifikia pia kwenye mchujo. Wamarekani walikuwa Frank Budd, Ray Norton, Stone Johnson na Dave Sime. Sime alimpita Lauer kwenye mita za mwisho, akavuka wa kwanza. Halafu wakafutwa: Budd na Norton walibadilishana kijiti nje ya eneo la kupokezana. Fedha ikaenda kwa Wasovieti kwa 40.1, shaba kwa Waingereza 40.2.

Swali langu: mtu mwenye mwanzo bora duniani, kwa nini usimweke mguu wa kwanza?

#26 Mpigafilimbi
Kwa sababu walijua atachomoka na kuwafukuzisha wote. Nimemaliza.

#27 Kona ya Pili
😂😂

#28 Kocha wa Vumbi
Mzaha, lakini hesabu ya hatari ipo. Mguu wa kwanza ukikosea mara mbili timu nzima imetoka. Lakini sababu ninayoiamini zaidi ni umbali. Mguu wa pili anapokea mapema na anatoa mwishoni mwa eneo linalofuata, kwa hiyo ndiye anayekaa na kijiti muda mrefu zaidi, na njia yake karibu yote imenyooka. Unampa mtu wako mwenye kasi. Na angalia Wamarekani nao walimweka Norton palepale, aliyekuwa anapewa nafasi kubwa ya kushinda kabla ya Roma. Ni kama pande zote mbili zilipanga ubao uleule wa bao.

#29 Mzee wa Njumu
Waingereza walimweka Peter Radford mguu wa kwanza, na Radford ndiye wa tatu wa mita 100. Kwa hiyo fikra ya "mwenye mwanzo mzuri aanze" ilikuwepo. Wajerumani waliamua tofauti. Mimi nadhani ni Cullmann ndiye sababu, si Hary. Ukiwa na mtu anayepinda vizuri kwenye kona unamwachia kona.

#30 Kijiti Mkononi
Naongeza jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu eneo la 1960. Lilikuwa mita 20, na anayepokea alitakiwa aanzie ndani ya hizo 20. Ile mita 10 ya kuchukulia kasi nyuma ya eneo iliongezwa baada ya Roma, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu mwishoni mwa 2017 zote zimeunganishwa kuwa eneo moja la mita 30.

Maana yake ni hii. Leo anayepokea ana mita 25 za kukimbia kabla ya kuweka mkono nyuma. Mwaka 1960 alikuwa na 15, labda 17. Akiondoka mapema, anafika mwisho wa eneo kijiti hakijafika. Akichelewa, anayeleta anamgonga mgongoni. Nafasi ya kosa ilikuwa ndogo mno. Na kinachohesabiwa ni kijiti, si miguu. Mtu anaweza kuwa na mguu nje na kijiti ndani, ni halali. Budd na Norton kijiti kilikuwa nje.

#31 Njia ya Nne
Kosa la nani sasa, Budd au Norton?

#32 Kijiti Mkononi
Norton aliondoka mapema. Alipoona Budd hamfikii akapunguza, lakini mstari ulikuwa umeshapita. Anayepokea akishaondoka na alama yake, anayeleta hana la kufanya zaidi ya kupiga kelele.

Alama yenyewe inavyowekwa: unasimama unapoanzia, unapima kurudi nyuma kwa nyayo za kiatu, kisigino kwa kidole. Kwa wanaume wenye kasi ni nyayo 25 hadi 30, mita 7 hadi 8 na nusu. Kwa vijana wa shule anza na 18 hadi 22. Unabandika utepe chini. Mwenzako anapokanyaga utepe unaondoka bila kutazama tena. Kama anakufikia mapema mno, ongeza nyayo mbili. Kama hakufikii, punguza mbili. Mkipata, usibadilishe siku ya mashindano hata ukihisi una mbavu mpya, kwa sababu siku hiyo damu inachemka na anayepokea huondoka na hofu, si na alama.

#33 Mzee wa Njumu
Na Norton alikuwa na hofu ya kutosha. Fainali ya mita 100 alimaliza wa sita, fainali ya mita 200 wa sita tena, Livio Berruti wa Italia akachukua kwa 20.5. Amekuja kwenye kijiti akitaka kulipa madeni yote kwa mkupuo mmoja, na mbele yake kwenye mguu uleule wa pili anaona Hary. Mtu huyohuyo aliyemchapa wiki iliyopita. Ungemwambia asubiri utepe?

#34 Kipimo cha Maji
Saikolojia haipimiki. Mimi naona ni mazoezi. Wajerumani walishafikia 39.5 Köln tarehe 29 Agosti 1958, Lauer, Heinz Fütterer na Manfred Germar wakiwemo. Fütterer na Germar hawakukimbia kijiti cha Roma, namba ikabaki ileile. Ukibadilisha watu muda usibadilike, ujue mfumo wa kubadilishana umekomaa. Mwaka huohuo wa 1958 walichukua dhahabu ya Ulaya Stockholm, Hary akiwemo, na Hary akachukua pia mita 100 kwa 10.3.

#35 Mpigafilimbi
Au Wamarekani walikuwa na kasi kubwa kiasi kwamba walikosea na bado wakavuka wa kwanza. Hilo hamlisemi.

#36 Kocha wa Vumbi
Tunalisema. Ndiyo maana ya mchezo. Kijiti kina urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito usiopungua gramu 50. Ukikitoa vizuri, mkono wa anayeleta na wa anayepokea vikinyooka unapata karibu mita moja ya bure kila mabadilishano, ardhi ambayo hakuna mguu uliokanyaga. Mara tatu ni mita tatu. Timu yenye miguu mizito inafidia hapo. Wanaokosea huwa wanabeba kijiti wote kwa mkono uleule: wa kwanza anatakiwa kulia ili akae ndani ya kona, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Ukibadilisha mkono katikati ya njia umeshapoteza.

#37 Bata Mzinga
Huyo Lauer si ndiye wa viunzi? Kwa nini umweke mwishoni mtu wa viunzi?

#38 Mzee wa Njumu
Ndiye. Rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi 13.2, Zürich, Julai 1959. Roma alikuwa wa nne kwenye viunzi. Mguu wa nne anapokea tu, hatoi, kwa hiyo unaweza kumweka mtu ambaye hajazoea kutoa kijiti. Zürich tena, umeona? Letzigrund ni kama kuna sumaku chini.

#39 Njia ya Nne
Kwa kutoka nje kidogo ya mada: hivi kweli Hary alivaa viatu vya kampuni mbili siku moja?

#40 Kipimo cha Maji
Kweli. Fainali alikimbia na Puma, jukwaani akapanda na Adidas. Kampuni mbili za ndugu wawili, Rudolf na Adi Dassler, mji mmoja wa Herzogenaurach, hawasalimiani. Yeye akakaa katikati kama mtoto wa talaka anayekula kwa baba mchana na kwa mama usiku.

#41 Kona ya Pili
Huyu ndiye mwizi halisi, mleta uzi. Badili kichwa cha habari.

#42 Mpigafilimbi
Naona mmeanza kunisaidia.

#43 Saa ya Mkono
Cha kushangaza ni muda mfupi Hary aliodumu. Alianzia mbio za mchanganyiko wa michezo kumi, akaja mbio fupi, 1958 bingwa wa Ulaya, 1960 kila kitu, 1961 amestaafu akiwa na miaka 24. Ajali ya gari iliharibu goti lake baada ya Roma, na shirikisho la Ujerumani likamfungia kwa mgogoro wa hesabu za posho. Ukitaka kujua kama angeweza kushuka chini ya 10.0, jibu halipo kwa sababu hakupewa msimu wa kujibu.

#44 Njia ya Nne
Na Wajerumani walisubiri sana. Julian Reus 10.01 mwaka 2016, kisha Owen Ansah 9.99 mwezi Juni 2024, Mjerumani wa kwanza chini ya 10 kwa saa ya umeme. Miaka 64 baada ya Zürich.

#45 Mpwani
Kabla hamjafunga, Roma hiyohiyo alikuwepo Seraphino Antao, mtoto wa Mombasa, amezaliwa 1937 kama Hary. Miaka miwili baadaye Perth 1962 akachukua yadi 100 na yadi 220 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Watu wa mbio ndefu mnasahau kwamba pwani ilishakuwa na mtu wa bastola.

#46 Mzee wa Njumu
Antao anastahili uzi wake, usimfiche kwenye komenti ya 45.

#47 Mpigafilimbi
Mimi bado na 0.03 yangu. Kocha wa Vumbi kanipa hatua fupi, Saa ya Mkono kanipa 10.25, hakuna aliyenipa majibu ya bastola.

#48 Kocha wa Vumbi
Tafuta filamu ya fainali ya Roma, isimamishe pale mguu wa kwanza wa Hary unapogusa chini, kisha uangalie kiganja cha Sime. Niambie kama bado kipo ardhini au kimeshanyanyuka. Halafu urudi hapa na sentimita zako 33.